Mdomo Wangu Umemponza Miwani wa Shimo Jeusi

Mpendwa mshauri, nisaidie na ukicheka chekea pembeni, mimi ni mpika chai kwenye ofisi ya watu wanaochunguza mbingu, shule niliishia njiani lakini masikio ninayo, na bosi wetu tunamwita Mama Daktari, kazi yake ni shimo jeusi kubwa ajabu lililo katikati ya galaksi ya mbali, lenyewe halionekani mshauri, linameza hadi mwanga, kwa hiyo wanaangalia gesi inayolizunguka, inachemka kabla ya kumezwa mpaka inatoa eksirei, nikasema kumbe ni kazi yangu ileile, mimi kwa jirani siingii lakini kwa viatu vya mlangoni najua nani yumo na nani kanuna. Basi asubuhi moja eksirei zikaongezeka ghafla, wingu la huko huko lililoliziba shimo miaka yote limesogea, Mama Daktari akamwambia msaidizi wake tunayemwita Miwani, aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, wafunge midomo mpaka wahakikishe si kifaa kinachodanganya, na mimi niliyekuwa namimina chai nikajihesabu humo humo, nikafunga, nilifunga hadi saa nne mshauri, halafu nikaenda kuazima sukari kwa mpika chai wa jengo la pili, kwa wapinzani wetu, na sukari haiazimwi kimya kimya. Wiki ileile wapinzani wakaomba zamu ya darubini kuielekeza kwenye shimo letu, wakapewa. Nikiwa na trei mkononi nikamsikia Mama Daktari, "Kaka, tuliojua ni mimi na wewe na mama wa chai, na mama wa chai ataelewa nini?" Miwani akajibu taratibu, "Dada, sijamwambia hata mke wangu." Kanyang'anywa funguo, Ijumaa anahamisha vitu, na mimi sijui kinachoniuma zaidi ni Miwani kuonewa au hilo la sielewi kitu, nikisema nafukuzwa, nifanyeje, na tafadhali hii ibaki kati yetu.

Mpika chai

Mama Chai, ibaki kati yetu na umeandikia gazeti? Haya. Pole nakupa moja, ya kudharauliwa, maana hilo shimo umelieleza mpaka mimi niliyefeli sayansi nimelielewa. Pole nyingine sina. Mtu anafunga maboksi kwa kosa lako, nawe unampelekea kikombe anakwambia asante, na ya kwako unainywa? Usingoje ukweli ujitokeze wenyewe, wewe hakuna anayekushuku. Sukari kuanzia leo nunua dukani.

Kesho, kabla hujabandika maji, ingia kwa Mama Daktari, na Miwani awepo. Sema ni wewe uliyetoa habari, sema ulimpa nani na siku gani, sema Miwani hana kosa. Kufukuzwa unaweza kufukuzwa, sikufichi, lakini chai inanywewa kila ofisi, na mashimo ya kuangalia kwa miaka kumi na mmoja hayapo mtaa wa pili. Ukishasema hayo matatu nyamaza. Usianze kuwaeleza yule mpika chai mwenzio alivyotoa macho. Ukihisi neno la nne linapanda, toka nje.