Moto Hauna Ndevu

Biougra, 4 Mei

Itto dada yangu mdogo,

Salamu nyingi, na kifua cha mama natumaini kimetulia. Mimi mzima, ila mgongo. Pilipili hoho za hapa huvunwa mtu ameinama kama anayetafuta pete.

Barua yako nimeipata. Kwa hiyo nyumbu wetu wa mizigo amekufa, mafuriko yamekula barabara, na jirani yetu Bassou anatangaza kuwa meko ya marehemu baba yamepoa, atachukua mahali petu malishoni. Najua desturi: kaya isiyowasha moto siku ya kwanza hupoteza mahali pake. Asijisumbue. Malisho ya juu yakifunguliwa tarehe kumi Julai, jua likichomoza litaukuta moshi wetu umeshapanda.

Pikipiki ya baba ni ya lami. Naigeuza iwe ya mawe. Nimeng'oa madigadi, nimepandisha bomba la moshi lipite karibu na paja, na nyuma nimefunga sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la cheni, ili ipande polepole kwa nguvu. Matairi yenye meno yako njiani.

Msimamizi wa shamba aliiona akasema, "Bibi harusi wa mjini umemvalisha viatu vya mchungaji." Nikamwambia bibi harusi huyo atafika kabla ya mchungaji mwenyewe.

Kaka yako, Moha

Aït Zaghar, 29 Mei

Kaka Moha,

Shikamoo. Mama anakohoa, lakini ugomvi wake uko palepale, kwa hiyo hajambo.

Kisimani Bassou aliniuliza mbele ya watu, "Huyo kaka yako atapanda mlima na kikapu cha hoho?" Nikamjibu, "Atapanda nacho, na wewe utazila." Wote walicheka isipokuwa yeye.

Mawe ya huku yatapasua tumbo la injini. Funga bati nene chini. Na kiti ukishushe vidole vinne. Usiniulize sababu.

Mdogo wako, Itto

Biougra, 1 Julai

Itto,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi si mzima, sitakuficha. Nilipaka cheni mafuta injini ikiunguruma, kosa ambalo baba angenichapa kwalo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimesagika. Klachi siwezi kuishika.

Pikipiki naituma na lori linaloleta barua hii, hadi lami inapoishia. Bati nimefunga. Kiti sikukigusa. Mwombe binamu Lahsen aipande. Wewe usijaribu, wazee watasema meko bila mwanamume si meko.

Kaka yako, Moha

Malisho ya juu, 10 Julai

Kaka,

Pole kwa vidole. Huku sote wazima.

Lahsen aliizunguka mara mbili, akakumbuka kuwa kiuno kinamuuma. Basi nikaipanda mimi. Wewe baba alikufundisha. Mimi nilijifunza kwa kuiiba mkiwa mmelala mchana.

Nimeanguka mara tatu. Bati lako limebonyea kama sinia la zamani, lakini injini haikuvuja hata tone. Niliwasha kuni za mreteni kabla ya jua, nikakaa.

Bassou alikuja na mzee wa malisho anayehesabu kaya. Bassou akauliza, "Mwanamume wa meko haya yuko wapi?"

Mzee akasema, "Bassou, mimi tangu ujana wangu nahesabu mioto. Ndevu sijawahi kuhesabu." Akatuhesabu.

Kiti nimekikata mwenyewe kwa kisu, sponji mama ameifanya mto. Ukiitaka pikipiki, njoo uichukue huku juu, kwa miguu. Na mwakani uwahi, maana moshi wangu hautakusubiri.

Mdogo wako, mwenye meko,
Itto