Ua Lililoanzia Penye Doa

Yaya Mariamu, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilichokutendea nilikitenda mbele ya watu, uani kwako hapa Kasongo, wanawake wakipiga vigelegele. Binti yako Zuhura anaolewa kesho. Ameniomba nimchoree hina ya nyayo, ua lile lile nililokuwa nakuchorea wewe. Nisingeweza kushika mguu wake kabla ya kumwambia ua lile lilikuwa linafunika nini.

Unaikumbuka Idi ile uliyorudi kutoka Kabambare na mzigo wako wa vitenge. Ulilala kwenye mkeka, nyayo zako mapajani mwangu. Chini ya mguu wa kushoto, karibu na kisigino, nikaona doa jeusi, dogo kuliko punje ya hindi.

"Yaya, hii nini?"

"Muiba. Mwaka jana pikipiki ilikwama kule Wamaza, nikatembea peku."

"Muiba gani unakaa miezi yote hii?"

"Wenye kichwa nguvu kama wewe. Paka hina, mudogo. Unanichunguza kama polisi wa bariyere ya barabarani!"

Wote walicheka, nami nikacheka. Nilianzisha ua pale pale kwenye doa, likawa kiini chake. Lilinipunguzia kazi, tena lilipendeza.

Tuliendelea hivyo kila Idi na kila harusi. Doa lilipanuka, kingo zikawa kama zimetafunwa, rangi ikachanganyika, nyeusi huku, kahawia kule. Mimi nilipanua ua. Jirani mmoja alisema, "Ua la mwaka huu limenona," nikapokea sifa. Wakati huo huo nilikuwa naandika magazetini kwamba wakubwa wa jimbo hupaka rangi kuta za vituo vya afya badala ya kuweka dawa ndani. Niliandika vizuri sana kuhusu wapaka rangi.

Kisha doa likapasuka, likatoa damu. Muuza dawa alikupa unga wa kunyunyiza. Mganga wa majani alisema mwiba umeoza, akauchimba kwa wembe. Kidonda hakikufunga. Ulipoota uvimbe kwenye kinena ndipo tulipofika hospitali. Daktari aliugeuza mguu wako kwenye mwanga wa dirisha.

"Ilianza lini?"

"Muulize huyu mudogo wangu," ulisema. "Mimi siwezi kuona chini ya mguu yangu. Yeye ndiye anaona."

Hukusema kwa ubaya. Ndiyo sababu sijasahau.

Daktari alikata kipande, kikapelekwa maabara huko Bukavu. Jibu lilirudi baada ya wiki nyingi: kansa ya ngozi, ile inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Nikambishia daktari, unanijua. Nilimwambia nimesoma kwamba ugonjwa huo ni wa wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino, wanaounguzwa na jua. Unyayo hauoni jua.

"Ndiyo maana hakuna mutu anaangalia pale, mama," alijibu.

Akaeleza kwamba doa likiwa dogo angelikata pamoja na ngozi kidogo ya pembeni, nawe ungerudi kwa vitenge vyako ukichechemea siku chache. Sasa kansa ilikuwa imetembea hadi kinenani, na baadaye ikafika mapafuni. Ulizikwa kabla ya Idi iliyofuata.

Nimeitafuta serikali katika kifo chako, na imo: barabara zile, maabara iliyo mbali kiasi kile. Lakini safari hii sianzi nayo. Naanza na mkono wangu.

Kwa hiyo nasema wazi, wasikie wanaotusoma. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, akae kivulini jua likiwa kali. Kwake jua ndilo adui. Sisi wengine kofia pekee haitatuokoa. Tugeuze nyayo na viganja, tutazame chini ya kucha. Doa linalokua au kubadilika, kidonda kisichofunga, kovu la moto linalofumuka upya: hospitali, si wembe. Wala si hina.

Siku hizi sipaki mguu ambao sijauosha na kuutazama. Wananiita polisi wa bariyere; neno lako limebaki. Mama mmoja mwenye doa jeusi chini ya ukucha nilimkatalia, akaenda hospitali kwa hasira, akaambiwa ni damu iliyovilia tu. Alinicheka mbele ya soko zima. Sijawahi kushindwa katika ubishi nikafurahi namna ile.

Zuhura nimemweleza yote leo asubuhi. Nilingoja anitukane. Kisha akavua kandambili, akalala kwenye mkeka wako, akaninyooshea miguu.

"Angalia kwanza, mama mudogo. Angalia muzuri."

Niliangalia kwenye mwanga, mguu mmoja baada ya mwingine, hadi katikati ya vidole. Hakuna kitu. Ndipo nikachora ua lako. Pale penye kiini nimepaacha wazi.

Pumzika, Yaya.

Mdogo wako, aliyekupaka hina