Siku Tuliyokataa Kufua

Kijiji cha Nandirhat,
Gazipur, Bangladesh.
14 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Delwar,

Assalamu alaikum. Huko Malaysia hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mama analalamika kuwa simu zako ni fupi kama za mtu anayewahi basi. Amekuwekea sukari guru mpya, ingawa nimemwambia itaota ukungu kabla hujaja.

Mfereji wa nyuma ya nyumba bado unabadilika rangi kiwanda cha kutia vitambaa rangi kinavyotaka: leo zambarau, kesho nyekundu. Sheria inawataka wasafishe maji ya rangi kabla ya kuyamwaga, na mtambo wa kuyasafisha wanao. Lakini unakula umeme, basi huwashwa siku ya wakaguzi tu. Nasi wanawake tukiusikia unanguruma, mbio na mabeseni, tufue kabla haujazimwa! Mkaguzi akifika anatukuta tumejaa mferejini kwa vicheko, anaandika kwamba maji ni salama, wananchi wanayatumia. Kumbe miaka yote hiyo mashahidi wa kiwanda ni sisi wenyewe.

Aliyeng'amua ni mama mkwe wangu. Jumatatu mtambo uliponguruma, akatukalisha ukingoni na nguo chafu mapajani. Delwar, unajua binti yangu Moushumi anafanya kazi chumba cha rangi, na msimamizi wake alikuwa ananitazama mimi. Nikakaa hivyo hivyo.

Mkaguzi, dada mmoja aliyeletwa na gari la kiwanda kwa kuwa ofisi yake haina gari, alishangaa.

"Mama, mbona hamfui leo?"

"Tukifua utaandika maji safi," mama mkwe akamjibu. "Njoo siku nyingine bila kupiga hodi, mwanangu, tukufulie na wewe huo mtandio."

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nilimwonea huruma, maana wilaya nzima yuko peke yake na vichupa vyake vya kupimia maji.

Alhamisi akaja kwa riksho, hakumwambia mtu. Maji yalikuwa meusi. Kiwanda kimepigwa faini na kuamriwa mtambo usizimwe, nasi ametuachia namba yake ya simu.

Jumamosi Moushumi akarudishwa getini, kazi hana. Nililia, sikuficha. Nilijua yatamfika, na bado nilikaa pale ukingoni. Nikamwomba radhi, lakini hata wali hakuugusa.

Jana alasiri ngurumo ikakatika ghafla. Nilikuwa nachambua dengu, nikajifanya sijasikia. Ningemtajiaje mtoto huyu habari za mtambo tena? Mara akatoka chumbani, mkono ameunyoosha.

"Mama, wameuzima. Nipe simu."

Msalimie Harun na wote mnaolala chumba kimoja. Mama na shemeji yako Siraj wanakusalimu sana. Mola akulinde kwenye magorofa hayo mnayojenga, akurudishe kwetu mzima. Moushumi naye anakusalimu. Anasema usimtumie pole, mjomba, umtumie vocha.

Dada yako akupendaye,
Hosne Ara