Alama ya Chaki Kwenye Tairi

Tukiharibu kazi njema, kosa ambalo wengi wetu hufanya ni kuongeza wema mwingine juu yake, tukitumaini utafunika tulichoharibu. Soma barua hii niliyoandikiwa ukikumbuka hilo.

Mzee Oduori, salamu. Naomba unisaidie kwa sababu hapa Malaba sina wa kumwambia. Mimi huuza chai kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na miaka miwili iliyopita dereva mmoja alifia ndani ya lori, watu wakapita hapo siku mbili wakidhani amelala kwa kuwa pazia lilifungwa, ndipo mimi na mwenzangu Akurut tukaanza kubisha kila mlango, mimi asubuhi na yeye alasiri, kila asubuhi nilikuwa nafuta alama za jana, na dereva akijibu naweka alama mpya ya chaki kwenye tairi la mbele ili Akurut abishe tu yale yasiyo na alama, na kwa njia hiyo watu sita wamefikishwa hospitalini wakiwa hai, hata akina mama wa Busia wametuiga.

Mwezi wa tatu alikuja dereva anaitwa Phanuel, yuko peke yake ndani ya lori, na nilipobisha alifungua dirisha akasema mbele ya madereva wenzake, "Mama, umetumwa na bibi yangu unichunge? Peleka hizo masufuria mbele," wakacheka, nikaumia, basi kesho yake nilipofika kwake sikubisha, lakini nilijua nikiacha tairi bila alama Akurut atabisha kisha aniulize kwa nini nimemruka, nikachora chaki nikapita. Alasiri Akurut akaona alama, naye akapita. Usiku mvua ikanyesha, na kulipokucha foleni ikasonga lakini lori lake halikusonga, madereva wakafungua mlango wakamkuta amekufa, na tairi limeoshwa, halina chaki. Walipomuuliza Akurut kwa nini hakubisha, alisema, "Niliona alama," halafu akanigeukia, "Dada, si uliweka?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Tangu hapo wanamwita yule aliyelala kazini, hakuna anayenunua chai yake, amerudi kwao Amukura. Mimi sasa nabisha asubuhi na alasiri, wagonjwa nawapa chai bure, na Jumamosi chifu anataka kunisifu barazani. Mke wa Phanuel alinipigia simu kutoka Kitale kunishukuru eti tulimtunza mume wake. Nikisema ukweli madereva hawatatufungulia tena, na mwingine atakufa. Nifanye nini?

Mama Chai, Malaba

Mama Chai, pole. Najua kudharauliwa mbele ya watu kunavyouma, hasa unapodharauliwa na mtu uliyekwenda kumjali. Lakini hasira yako ungeweza kuimaliza kwa kupita tu bila kubisha, bila kuchora. Hapo Akurut angebisha. Ulipochora, uliufunga mlango ule kwa niaba yenu wote wawili.

Sasa nikueleze jambo, maana umechanganya mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni kifo cha Phanuel. Huenda ungebisha ukamkuta mgonjwa, huenda angekutukana tena akiwa mzima, akaugua baadaye. Hujui, nami sijui, na itakubidi uishi na kutojua huko. Mzigo wa pili ni Akurut, na huo hauna huenda. Alikuuliza mbele ya watu, ukaliacha jina lake lichafuke ili lako libaki safi. Chai ya bure unayogawa haimfikii huko Amukura.

Unasema unaogopa kazi itakufa. Mama, nadhani unaogopa pia baraza. Alama ile ilikuwa na maana moja tu: nimebisha, nimejibiwa. Ikiwa inaweza kuchorwa kwa hasira, ni heri madereva wajue leo, kuliko walale wakiitegemea. Na njia ya kuirekebisha ipo: chaki iwe mkononi mwa dereva. Ashuke achore mwenyewe. Mtu aliyezimia hachori, na wewe hutajaribiwa tena.

Kwa chifu, mwambie hutapokea sifa Jumamosi, na umwombe dakika mbili useme lililotokea mbele ya wale wale waliomsikia Akurut akikuuliza. Kwa mke wa Phanuel, usipige simu. Nenda Kitale na mtu mzima mnayeheshimiana naye, uketi, useme, na akikufukuza uondoke bila kujitetea. Akurut akikataa kurudi kwenye foleni, hiyo ni haki yake. Usimlilie ili akubembeleze.

Lakini hayo yote yatafuata. Wa kwanza kusikia lazima awe Akurut, tena asisikie kutoka barazani. Leo, kabla hujawasha jiko, panda boda uende Amukura umwambie: alama ilikuwepo, niliichora mimi, na sikubisha.