Salamu Uliyomwazima Kuku

Mushasha, Gitega
6 Novemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Vumilia,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku, ambako mvua zimeanza na matope yameshaingia hadi sebuleni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile koo lililokusumbua limepona. Acha vinywaji vya baridi. Wakubwa wako wa kazi hawawezi kukuambia, mimi nakuambia. Sisi hapa miili haijambo. Mume wangu Fredi maumivu ya mguu yamemwachia, amerudi kufundisha. Watoto wanakula kama nzige, na mimi nashona sare za wanafunzi kama kawaida.

Sasa tafuta mahali ukae.

Umeniomba nimrekodi Mama akifanya akazehe, ile salamu ya kuimba ya akina mama wa kwetu, kwa sababu wenye katuni wanamtaka tena kuku unayemtilia sauti, msimu wa pili, na wanataka asalimie zaidi. Ulicheka ukasema itakuwa rahisi, Mama hajui kunyamaza. Vumilia, Mama amenyamaza. Tangu mwezi wa nane hajamsalimu mtu. Sitamrekodi, na hata ningetaka, hakuna cha kurekodi. Nakuandikia badala ya kutuma ujumbe wa sauti kwa sababu najijua: ningeanza kusema, ningekutukana kabla ya kufika katikati.

Usidhani naionea wivu kazi yako. Nilikuwepo katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, ulipopewa kusoma matangazo ya kanisa, ukawa unamwiga katekista mpaka watu wanaziba midomo kwa kanga. Nilikuwepo ulipoigiza kipindupindu katika mchezo wa usafi, na mtoto wa jirani akakataa kula chakula ulichokishika. Ulipoondoka na shangazi kwenda Amerika nilijua utaosha vyombo vya watu kwa muda, lakini mdomo wako hautakaa bila kazi. Ukatokea kwenye televisheni, muuguzi anayefungua mlango na kusema daktari anakuja. Tuliirudia picha ile hadi simu ya Fredi ikazima. Ukawa mkimbizi anayelia, kisha mkimbizi mwingine anayelia, ukaniandikia kwamba umechoka kulia na kwamba heri sauti peke yake, maana huko hakuna anayetazama sura. Ukawa mbuzi. Ukawa mvulana wa miaka saba. Ukawa sabuni inayoongea! Halafu akaja huyu kuku bibi, na sasa watoto wa huko wanavaa fulana zenye picha yake. Nimejisifia jina lako sokoni hadi wauza samaki wa ndagala wamenichoka.

Basi sikiliza. Mwezi wa nane Mama alikuja Gitega kutoka Muyinga kutibiwa macho. Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, likafungwa bandeji, na la kushoto unajua haoni zaidi ya vivuli. Jioni moja Hidaya alitualika chai. Hidaya ni yule jirani yangu anayeuza vitenge, na televisheni yake ni pana kuliko mlango wangu. Watoto walikuwa wamejaa mkekani wakitazama. Mama akaketi kwenye kochi na andazi lake.

Katuni ilikuwa ya Kifaransa. Nilimtambua kuku wako mara moja, lakini sauti haikuwa yako, walikuwa wamemtia mwanamke mwingine wa Kifaransa. Nilisikitika kidogo nikaendelea na chai, na Mama sikumwambia kitu. Kumbe salamu ile hawakujua waitafsiri vipi, wakaiacha kama ulivyoifanya. Kuku akafungua mlango wa banda, ukatoka wewe. Sauti ni yako, lakini salamu ni ya Mama tupu: ile pumzi anayoivuta kabla ya kuanza, jina la kijito chetu cha Muyinga, na pale anapouliza kama watoto wameamka na ng'ombe wameamka, ilhali sisi ng'ombe hatuna tangu tulipokimbia vita.

Mama aliweka andazi chini. Akasimama, akanyoosha mikono kama anavyompokea mgeni njiani, akakuitikia. Unajua anayeitikia anavyoingiza sauti yake ndani ya sauti ya mwenzake. Aliingia kila mahali panapotakiwa, na kwa muda kidogo mlikuwa wawili sebuleni kwa Hidaya. Nilidhani nitalia kwa furaha. Halafu ikakatwa. Kuku akarudi kwenye Kifaransa na sauti ya yule mwanamke, na mle kwenye televisheni wakacheka wale watu wasioonekana. Mama alikuwa bado anaitikia. Aliendelea peke yake, mikono ikitafuta mtu wa kushika, na watoto nao wakaangua kicheko.

"Bibi anajibu televisheni!"

"Mufunge kinywa!" Hidaya akawafokea. "Munacheka mama wa watu?" Akamshika Mama bega taratibu. "Maman, ukae. Ile ni tele tu, haisikie mutu. Ukae, chai iko inapoa."

Mama akageuka upande wangu. "Vumilia amekwenda wapi?"

Nikamwambia yuko Amerika. Akakaa.

Tangu siku ile husema yale ya lazima tu, maji, chumvi, funga mlango. Ulipopiga simu, alimrudishia Fredi bila neno, na Fredi akakuambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzima.

Ingekuwa ni huzuni ya nyumbani peke yake ningevumilia, ningesubiri ipite. Lakini Mama amerudi Muyinga, na kule mambo yanaharibika. Adventina unamjua kwa jina. Ni familia yake iliyokuwa ikilima shamba letu wakati sisi tuko Tanzania. Tuliporudi mwaka 2012, wasuluhishi waligawa, nusu kwetu nusu kwao, miti ya mpaka ikapandwa na kila mtu akatia dole gumba. Hata hivyo Mama na Adventina walipishana kisimani bila neno mwaka mzima. Hadi siku Mama alipotua bidoni lake la maji akamwanzia akazehe. Adventina aliitikia huku analia. Kuanzia hapo wakawa watu: walipeana mbegu za maharage, na Mama alipougua Adventina alilala kwetu. Ile karatasi ya wasuluhishi hata sijui iko wapi. Amani yetu kule imekaa juu ya salamu.

Nilikwenda mwezi uliopita nikaona kwa macho yangu. Adventina alimwanzia Mama njiani, mikono tayari, watu wanatazama. Mama akainamisha kichwa akapita. Baadaye Adventina alinifuata nyuma ya nyumba.

"Nimemkosea nini mama yenu?" akaniuliza. "Ni shamba tena? Yule mwenzenu wa Amerika analitaka lote?"

Niliapa kwa jina la marehemu baba. Alinisikiliza kama mtu anayetamani kuamini. Mwanawe Urbano hatamani hata hilo. Zamani alikuwa wa kwanza kuja kutusaidia kupalilia, sasa anapitisha mbuzi katikati ya maharage yetu, na nilipomwita aligeuka akanitazama bila kujibu. Naogopa, mdogo wangu. Tumeshakimbia kilima kile mara moja, na najua mambo huanza kwa watu kuacha kuongea.

Nimekasirika nawe, na sitakuficha. Salamu ile ni ya wanawake wawili, wewe ukaikata nusu ukampa kuku ili watu wacheke. Lakini pia nakujua. Najua ulitaka kitu cha kwetu kiingie mle ndani, na walipokipenda ulifurahi kwa kuwa kwa mara ya kwanza walipenda kitu chako bila wewe kulia. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Ndiyo maana hasira yangu haijui ielekee wapi.

Ninachokutaka ni kimoja: uje. Usitume sauti, usitume video. Uje Muyinga Krismasi hii, upande kilima kwa miguu yako, umshike mama yako mabega na umsalimie mpaka mwisho, Adventina na Urbano wakisikia. Ukitaka kumrekodi baada ya hapo, mwombe mwenyewe. Najua msimu wa pili unaanza wakati huohuo. Najua uliniambia wapo wengi mlangoni wanaoingoja nafasi hiyo, na ukiondoka watampa kuku mtu mwingine. Umeisotea kazi hiyo miaka mingi, na mimi dada yako nakuomba uiweke hatarini. Sikuombi kwa wepesi. Nimezunguka na ombi hili siku nyingi, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kanisani, na sioni njia nyingine.

Barua hii anakuja nayo Padri Venansi, anayekuja huko kusoma. Atakupigia, mfuate usimchoshe. Fredi anakusalimu na anakuomba radhi kwa uongo wa mtandao. Watoto wanakusalimu, na mdogo wao anataka kujua kama sabuni inayoongea ulikuwa wewe kweli. Hidaya ameniambia nisisahau: "Umuambie kitenge yake iko hapa, aje akamate mwenyewe."

Mama nilimwuliza kabla sijaondoka Muyinga kama ana salamu za kukutumia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mimi muda wote nilikuwa nimeamini ni aibu inayomfunga, kwa kuwa alichekwa na watoto. Lakini Mama akasema hawezi kumsalimu mtu mwingine wakati kuna mmoja ambaye salamu yake naye imeachwa katikati. Nikamwambia, Mama, ile ilikuwa mashine.

"Alikuwa mwanangu," akasema. "Alinisalimia, wakamwondoa kabla hajasikia."

Nikachukua mfuko wangu. Nilikuwa nimeshafika njiani aliponiita, kwa sauti yake yote, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa nane.

"Mwandikie kwamba nilimwitikia!"

Nimekuandikia. Mungu akulinde huko uliko na akufungulie njia ya nyumbani.

Wako akupendaye,
dada yako Kasilda