Mama Yako Bado Anaijaribu

Chumba cha mbele,
Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya pikipiki.

Jumapili, mvua imekata.

Mpendwa Mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi, na zikiisha hizo pokea nyingine. U hali gani? Mkeo hajambo? Wale mapacha wameacha kuumana? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na paka wa fundi viatu, ambaye amekufa, lakini yeye na mimi hatukuwa tunapatana.

Habari kubwa ni hii: mjomba wako amemliza msimamizi wa duka la hisani. Mwanamke mzima, mwenye kitambulisho shingoni na funguo za kila kabati, nimemwambia neno moja tu, machozi yakamchuruzika mbele ya wateja wake.

Sawa, yalikuwa mafua. Vumbi la mitumba humpanda puani, basi hulia hivyo tangu anapofungua mabunda asubuhi hadi anapofunga mlango. Lakini neno nililisema kweli, na afadhali ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wenye midomo.

Jambo lenyewe linamhusu mama yako, kwa hiyo kaa chini. Usishtuke, ni mzima, hivi ninavyoandika yuko uani anamgombeza mtu. Alinikataza nisikuandikie. Ni kweli mimi ni mdogo wake, lakini nimeota mvi hadi masikioni, na mtu wa hivyo hanyang'anywi kalamu.

Aliteleza bafuni. Nyonga haikuvunjika, ila ilipata mshtuko, na daktari akasema itapona taratibu mradi asitembee bila kitu cha kushika. Cha kushika kikawa sisi. Msusi, yule jirani wa dirisha letu, anamshika mkono huu, mimi ule, tunampeleka chooni mwendo wa maharusi. Unamjua mama yako, aliyekuwa akijitwika gunia la mkaa huku anakusema wewe. Sasa akawa anagonga ukuta kuomba kwenda haja. Halafu nikagundua kwamba ameacha kunywa maji mchana kutwa, ili asituite. Hilo lilinikata maini.

Basi, duka la hisani. Ni lile jengo refu mwisho wa barabara, lililokuwa ghala la saruji. Shirika fulani limelichukua. Mbele wanauza mitumba kwa bei ya kumfurahisha kila mtu, na watu wanafurahi mpaka wanavutana nywele. Wiki iliyopita niliwaona akina mama wawili, mmoja ameshika sufuria, mwenzake ameshika mfuniko wake, kila mmoja anamngoja mwenziwe achoke. Rafiki yangu muashi, yule mwenye miguu kama makasia, huenda kila mzigo ukifunguliwa kutafuta viatu vya saizi yake, na kila mara hupata kimoja.

Nyuma ya duka kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna vifaa vya wagonjwa wanavyoazima bure: magongo, viti vya magurudumu, na ile fremu ya bati yenye miguu minne, ambayo mtu huishika kwa mikono miwili, akaisogeza, akaifuata. Ni bure, lakini kwa asiyejiweza tu. Na anayepima nani hajiwezi ni msimamizi, kwa macho. Anaanzia kwenye viatu, anapanda hadi kola, na akifika usoni ameshaamua.

Ndiyo maana mtaa wetu una shati la kuombea. Usicheke, nakwambia ukweli. Linakaa kwa fundi viatu, limetundikwa msumarini, na mwenye shida ya kwenda nyuma ya pazia huliazima. Fundi cherehani ndiye aliyelichana, kwa ustadi wake wote: tundu moja kwenye kiwiko, na jingine kwapani, ili ukinyoosha mkono lifunguke lenyewe. Linafuliwa, lakini ni mwiko kulipiga pasi. Mwaka jana muuza maji alilivaa kwenda kuomba magongo, msimamizi akamhurumia sana, akamvua na kumpa shati jipya. Akarudi anatabasamu. Mtaa mzima ulimtukana: umepoteza nyenzo yetu! Ikabidi lile jipya nalo likachanwe.

Mimi nilisema silivai. Sijasoma sana, mwalimu alinichoka mapema, lakini kuomba kwa kwapa sikufundishwa. Nilivaa suti yangu ya kijivu ya vipande vitatu, nikapaka viatu rangi, nikaenda.

“Shikamoo, mzee,” akasema msimamizi.

“Marahaba, mwanangu. Dada yangu ameanguka. Nimefuata fremu.”

Macho yakaanza safari yake kutoka kwenye viatu. Nikajua nimekwisha.

“Mzee, vile vifaa ni vya wasiojiweza.”

“Ndio sisi hao.”

“Na suti hii?”

“Suti hii nimeinunua hapa hapa, kwenye hanga ile pale. Wewe mwenyewe uliniambia imenikaa!”

Nikageuza kola. Kila nguo wanayouza huishonea uzi wa bluu kwa ndani, mtu asije akainunua leo, akaivaa harusini, na kesho akairudisha. Nikamwonyesha uzi, nikadhani nimemkamata.

“Unaona sasa?” akasema. “Mtu anayenunua suti anajiweza.”

Ndipo nikamwambia lile neno. “Kwa hiyo mlinivika ili mnifukuze?”

Wateja wakaangua kicheko, na yeye akapiga chafya. Akasema kwa sauti ndogo, “Mzee wangu, nami nina wakubwa zangu. Wakija wakakuta fremu nimempa mwenye kizibao, nitaeleza nini?”

Angeniomba nivue koti, angekiona kizibao chenyewe kilivyopasuka mgongoni kutoka juu hadi chini. Sikuvua koti. Nilimuaga kwa heshima zote, nikatoka kifua mbele, maana nyuma, kama nilivyokwambia, palikuwa wazi.

Mama yako alikuwa ananingoja kitandani.

“Umerudi mikono mitupu?”

“Nimerudi na heshima yetu, dada.”

“Hiyo heshima ina miguu mingapi? Ilete hapa niishike, nataka kwenda chooni.”

Mpwa wangu, nikagonga ukuta kumwita msusi. Msusi akaja, tukamshika, tukaenda naye. Njiani hakututazama hata mmoja wetu.

Jioni ile nikaenda kwa fundi viatu nikaliangua shati msumarini. Asubuhi nikalivaa, nikaingia kumwonyesha mama yako kabla ya kuondoka, nikanyoosha mkono, kwapa likafunguka kama lilivyoagizwa. Nilidhani atacheka.

“Vua.”

“Si unataka fremu?”

“Nataka fremu. Sikusema nataka kuona mbavu zako. Vua, uvae suti yako. Kama kuna wa kutazamwa, nitatazamwa mimi. Kamwite muashi aje na toroli.”

Tukamtayarisha. Msusi akamsuka nywele mpya, akavaa lile gauni la zambarau ulilomletea, na hereni. Muashi akakwangua saruji kavu kwenye toroli lake, tukaweka mto, tukampandisha. Barabara nzima ilisimama. Muuza maji akauliza bibi harusi anapelekwa wapi. Mama yako akamjibu kwamba anakwenda kutafuta mume mwenye adabu kuliko yeye.

Mle dukani kuna kipande kirefu cha zulia na kioo cha ukutani. Waliviweka kwa sababu ya viatu: watu walikuwa wakinunua, wakifika nyumbani vinawabana, wanarudi kugombana. Sasa mteja hutembea kwanza juu ya zulia, na ukutani wametundika kibao: JARIBU MPAKA URIDHIKE. Muashi akalisukuma toroli hadi kwenye zulia hilo, akaegesha.

“Karibu, mama,” akasema msimamizi, akiyakodolea macho gauni na toroli kwa zamu.

“Ahsante, mwanangu. Hapa mteja anaruhusiwa kujaribu?”

“Bila shaka. Unataka viatu?”

“Nataka ile,” mama yako akanyoosha kidole kuelekea pazia. “Ile ya miguu minne.”

“Mama, ile haiuzwi.”

“Sijauliza bei. Nimesema nataka kujaribu.”

Msimamizi akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Dari yao inavuja, mtu aliangalie hilo.

“Mpe ajaribu!” akapaza sauti mwanamke mmoja kutoka kwenye makoti. “Mimi nimejaribu kila koti la humu sina hata senti, mbona hukunizuia?”

“Na mimi kila siku najaribu viatu vya mguu mmoja!” akadakia muashi.

Wakaanza kusema wote. Msimamizi akafuta pua, akazama nyuma ya pazia, akatoka na fremu. Akaiweka mbele ya toroli, na nitamsifu kwa hili: aliikandamiza kwanza kwa mikono yake, kuhakikisha miguu yote imekaa sawa.

Tukamnyanyua. Mama yako akashika. Akaisogeza, akaifuata. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akasogeza tena. Alipofika mwisho wa zulia, penye kioo, mimi nikadhani atajitazama lile gauni. Hakujitazama. Akageuka akaelekea mlangoni.

“Mama, unakwenda wapi?”

“Nyumbani kwangu hakuna zulia, mwanangu. Nataka nione inavyokwenda kwenye kokoto.”

“Lakini kujaribu ni humu ndani!”

“Kibao chako kinasema mpaka niridhike. Sijaridhika.”

Msimamizi akamfuata, na mimi nikamfuata msimamizi, nimekunja ngumi ambayo hata sijui ningeifanyia nini. Mama yako alifika kwenye kizingiti, akakwama. Msimamizi akanyoosha mkono. Nikasema moyoni, anainyang'anya.

“Tanguliza miguu ya mbele, mama,” akasema. “Nyanyua kidogo. Hapo kuna kizingiti.” Kisha akausukuma mlango kwa mgongo wake, akaushikilia wazi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mpwa wangu. Mama yako mbele, anasimama, anahema, anakwenda. Muashi nyuma na toroli tupu. Mimi pembeni, na kila nikijaribu kumshika kiwiko ananipiga kofi la mkono. Duka zima lilitusindikiza hadi kona. Alipofika uani hakuingia chumbani kupumzika. Alikwenda moja kwa moja kule unakojua, akaingia peke yake, na kutoka nje nikasikia komeo likifungwa. Nimesikia nyimbo nyingi maishani mwangu. Hakuna iliyonikaa moyoni kama lile komeo.

Akatoka, akaomba maji. Akanywa jagi.

Msimamizi huja mara kwa mara, akitoka kazini. Tunampa kiti.

“Mama, umesharidhika?”

“Bado, mwanangu. Kwenye kona inakwaruza kidogo.”

“Haya. Endelea kujaribu.” Anapiga chafya, anakwenda zake. Tumesikia wakubwa zake wamebadilisha kibao, sasa kinasema kujaribu ni ndani ya duka tu. Waandike wapendavyo, wakipenda wachonge kwenye jiwe. Fremu imeshatoka. Wakija wenyewe na tai zao watanikuta mlangoni na suti yangu, na uzi wao wa bluu shingoni, waniambie usoni kwamba dada yangu ni tajiri.

Shati la kuombea limerudi msumarini. Sikuwakataza wenzangu, kila mtu na mbavu zake.

Nisalimie mkeo, mwambie bado nangoja picha yake ambayo hajanuna. Nisalimie mkwe wetu mwenye kitambi, na shangazi yako akipiga simu, mwambie nimekufa, atafurahi kidogo kisha atajuta. Mapacha nawabusu, kama wameacha kuuma. Mungu akufungulie njia, akuepushe na mabosi wa kupima watu kwa viatu, na akurudishe kwetu miguu yako yote miwili ikiwa mizima.

Sasa, jambo dogo. Unakumbuka dirisha la mwalimu mkuu? Jiwe lilikuwa lako, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikasimama mbele ya shule nikasema nilikuwa nawinda njiwa. Ulilia, ukaniambia, “Mjomba, nitakulipa.” Hujanilipa. Basi ile fremu ina vifuniko vya mpira miguuni, na mama yako anakwenda sokoni, anakwenda kwa msusi, anakwenda kugombana na watu wa karakana, hata mpira wa mguu mmoja umelika hadi bati linatoboa sakafu. Huku havipatikani, na dukani siwezi kwenda kuviulizia, utaelewa kwa nini. Nitafutie huko vinne, vya mpira mgumu. Usimwandikie yeye, niandikie mimi.

Ni mimi mjomba wako, anayekupenda hata ukichelewa kujibu.