Jeli ya Miezi Sita

Nairobi, 12 Januari 2025

Mama mpendwa,
Bwakire, umeamkaje? Natumaini sukari yako imetulia na majani chai yanachumwa. Mimi mzima. Jeli tunayotengeneza hapa maabarani imekubali! Tone moja likiwekwa ndani ya jicho linaachilia dawa kidogo kidogo kwa miezi sita. Hizo sindano zako za macho za kila mwezi pale hospitali ya Kisii zitakwisha. Mwaka huu huu, Mama.
Binti yako, Nyanchera

Sironga, 2 Februari

Mwanangu,
Salamu nyingi. Tuko salama, mvua tu ndiyo imekawia. Barua yako nimeisoma mara tatu, polepole. Nimewaambia hata akina mama wa kanisani. Kwa simu huwa unakata haraka, kwa hivyo niandikie dawa ikiwa tayari.
Mama yako

Sironga, 20 Aprili

Nyanchera, hujambo?
Mbona kimya? Labda kazi ni nyingi. Dawa imefika wapi? Anayeniandikia ni jirani yetu Orpah. Mistari siioni tena.
Mama yako

Nairobi, 4 Mei

Mama,
Sijui nikusalimu vipi. Orpah, tafadhali msomee yote, usiruke.
Nilikudanganya. Januari jeli ilikuwa imejaribiwa kwa sungura wanne tu. Februari ikayeyuka machoni mwao ndani ya wiki tatu, dawa yote ikatoka kwa mkupuo. Tumeanza upya. Kufikia binadamu ni miaka. Nilijua, nikanyamaza, maana ulikuwa umeshawaambia watu. Sindano unaendelea nazo, sivyo? Niambie unaendelea.
Nyanchera

Sironga, 14 Mei

Binti yangu,
Sisi wazima, usilie. Sindano niliacha Januari. Niliona ya nini kudungwa na jeli yako inakuja.
Juzi Orpah alinipeleka Kisii. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia wamelidunga, nitarudi tarehe 9 Juni. Daktari alinigombeza: "Mama, kwa nini uliacha?" Nikamwambia niliogopa sindano. Kanisani pia nimesema hivyo. Nawe ukiulizwa, sema hivyo hivyo.
Mama yako

Nairobi, 18 Mei

Mama,
Barua yako niliifungulia kazini, nikajifungia chooni hadi wenzangu wakaja kugonga. Wewe hujawahi kuogopa sindano. Miaka miwili ulienda kila mwezi, peke yako, na mimi sikukusindikiza hata mara moja.
Tarehe 8 Juni nitalala nyumbani. Kesho yake tutaingia kwa daktari pamoja, na akiuliza tena, usijibu. Nitamjibu mimi.
Binti yako